Mtoto wa Kwanza kwa Uzito

Nimekuwa nesi kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuitaja, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kugomba. Sijisifu. Wapo manesi wa kubembeleza, na Mungu awabariki. Mimi nilizaliwa juu huko Mbulu kwenye baridi, katika nyumba ya watoto tisa, ambako asiyepaza sauti hapati nafasi karibu na moto. Nilipopangiwa kazi Katesh, Hanang ikiwa bado ndani ya mkoa wa Arusha, niliteremka na sanduku la bati na sauti yangu.

Walinipa kliniki ya watoto wachanga. Tulikuwa tunapima chini ya mti wa mkaratusi, mizani imening'inizwa kwenye tawi, mtoto anavalishwa kile kikaptura cha kitambaa, anapiga kelele, mimi nasoma kilo kwa sauti ili mwenzangu aandike kwenye kadi. Kadi ilikuwa na rangi, kijani, kijivu na nyekundu, na juu ya rangi hizo tulichora mstari wa kila mtoto. Kila mama wa Hanang aliyezaa zama zile anaujua mstari ule. Ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, kuna jambo. Ukishuka, utakutana na mimi.

Mwaka mmoja mvua zilikata mapema, mahindi yakakauka yakiwa yanabeba. Siku ya kliniki akaja mama mmoja kijana kutoka Nangwa, kwa miguu, na binti yake wa miezi minane mgongoni. Nilipomtundika yule mtoto kwenye mizani, mshale haukusogea sana. Mstari wake ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyekundu. Badala ya kumvuta mama yule pembeni, nilimgeukia pale pale, mbele ya benchi zima la wanawake, nikamwambia, "Wewe mama, huyu mtoto unamlisha upepo?"

Wanawake walicheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka kwa sababu si wao waliosemwa. Mama yule alimfunga mtoto mgongoni, akapokea unga wa lishe tuliokuwa tunagawa, akaondoka. Mwezi uliofuata alirudi, na uliofuata pia, na kila mara mstari ulikuwa umepanda. Nilijipongeza. Niliwaambia wenzangu, mnaona, ukali unaponya.

Miaka ikapita, dunia ikabadilika bila kutuuliza. Maduka ya Katesh yaliyokuwa na sabuni na chumvi yakajaa biskuti, soda, na mafuta ya kupikia ya kupimiwa kwa kibaba. Malori ya ngano kutoka upande wa Basotu na ya vitunguu yakaanza kulala mjini, na palipo na madereva kuna chapati. Tukapata mkoa wetu wa Manyara, tukafurahi. Pikipiki zikaja, na mtoto ambaye mama yake alitembea kutoka Nangwa akiwa na mzigo kichwani akawa anapelekwa shule nyuma ya pikipiki, umbali ambao kuku anaumaliza bila kupumzika.

Nikapewa kazi ya afya ya shule. Kila Alhamisi nilikwenda shule moja ya msingi pale mjini, nikapewa stoo ya majembe kuwa chumba cha kliniki. Dawa za minyoo, macho, meno, uzito na urefu. Mwalimu mkuu akawaandikia wazazi barua fupi kwamba wiki ijayo nesi atapima uzito wa wanafunzi wote. Barua ile ndiyo iliyozaa kisa chote hiki. Wazazi wa Hanang walikuwa wanajua maana moja tu ya kupimwa uzito, na mimi ndiye niliyewafundisha.

Alhamisi ile watoto walikuja wamejiandaa. Wengine walikuwa wamevaa masweta mawili jua likiwaka. Mmoja alikuwa ameamshwa alfajiri akanyweshwa uji wa samli mpaka akatapika njiani, akarudishwa nyumbani, akanyweshwa tena. Viatu hawakutaka kuvua. Mvulana mmoja alipopanda kwenye mizani mifuko yake ililia, nikamwambia atoe, akatoa mawe. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ndoo. Sikujiuliza nani aliwafundisha kuogopa mizani namna ile.

Na mimi nikafanya kazi kama nilivyoizoea, yaani kwa sauti. Mtoto anapanda, nasoma kilo, mwalimu wa michezo anaandika. Ilipofika zamu ya binti mmoja wa darasa la tano, mrefu wa wastani, uso mzuri wa mviringo, macho chini, nilisoma kilo zake kwa sauti ile ile. Stoo yote na foleni yote nje ikalipuka kwa kicheko. Alikuwa mzito kuliko wanafunzi wote wa shule ile, wakiwemo wavulana wa darasa la saba wenye sharubu. Alishuka kwenye mizani taratibu. Alikuwa ametembea hatua tano tu kutoka mlangoni, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, nikamsikia anavuta pumzi. Nikamkalisha kwenye ndoo yangu, nikamfunga kipimo cha presha. Nikakifungua, nikamfunga tena mkono wa pili. Presha yake ilikuwa ya mtu wa umri wangu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuvaa miwani.

Wenzake wenye miili kama yake walikuwa sita. Najua mtu wa mjini atauliza, wanene Hanang? Ndiyo, saba katika shule moja ya mjini, watoto wa wenye maduka, wenye malori na wenye migahawa. Niliwajua wote tangu zamani kwa kuwaona jioni bila kuwatazama. Kwetu sisi kukimbia ni urithi. Mtoto mwembamba wa Mbulu au Hanang anaota viatu vya mbio kabla hajaota meno ya pili, na mwalimu wa michezo alikuwa na kikosi chake kila siku baada ya masomo, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Wale saba hawakukimbia. Kazi yao ilikuwa kukaa chini kwenye ukingo wa uwanja wakilinda nguo za wakimbiaji, na kula maandazi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa zahanati nafagia baraza, akaja mama mmoja aliyevaa kitenge kipya, amebeba kuku kwapani. Alikuwa anatabasamu tangu getini.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba mama. Una mgonjwa?"

"Sina mgonjwa. Nimeleta shukrani." Akanikabidhi kuku. "Nimesikia mwanangu amekuwa wa kwanza shule nzima."

Nikabaki na kuku mkononi. Ilinichukua muda kuelewa alikuwa anazungumzia kilo. Nikamtazama vizuri, na hapo ndipo nilipomjua. Alikuwa na mwili sasa, na mgahawa mkubwa karibu na stendi, lakini alikuwa ni yule mama kijana wa Nangwa, na binti wa darasa la tano alikuwa ndiye yule mtoto wa miezi minane.

Ningekuwa na busara ningemkaribisha chai. Nilimwambia hapo hapo, barazani, na ufagio wangu, kwamba huo si ushindi, mtoto amezidi, presha imepanda, na asipofanya jambo atakunywa vidonge vya wazee akiwa na miaka kumi na moja. Nilimwambia apunguze kumlisha. Mdomo uliponza kichwa, na mdomo wangu ulikuwa na mazoezi.

Tabasamu lilitoka usoni mwake kidogo kidogo. "Nesi," akasema, "unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

"Uliniambia namlisha mtoto upepo. Mbele ya watu. Nilirudi Nangwa nalia njia nzima. Nikaapa, huyu mtoto hatakosa tena, hata nikiuza nguo. Kila kijiko nilichompa nilikuwa nakuona wewe." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Leo unaniambia nimemlisha sana. Kesho utasema nini? Basi mwache. Usimpime tena mwanangu."

Akamchukua kuku wake, akaondoka.

Nilikasirika, sitaficha. Wiki nzima nilikuwa nazungumza peke yangu kama mtu anayedaiwa majibu: mimi nilisema ukweli, mimi nilimwokoa yule mtoto, watu hawana shukrani. Lakini maneno yake yalikuwa yamenikaa rohoni. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yule mama aliumwa mara moja, na nyoka nilikuwa mimi. Na Alhamisi zikawa zinapita, binti haji kliniki. Nikimwita anasema kwa adabu, "Mama amekataa nisiguse mizani," kisha anarudi ukingoni kwenye nguo za wakimbiaji. Nilikuwa namwona akipanda ngazi tatu za darasani kwa kushika ukuta. Usiku nilikuwa nalala vibaya kwa ajili ya ngazi zile tatu.

Wazo halikutoka kwangu. Pale shuleni alikuwepo mama mfugaji wa Kibarbaig aliyekuwa analeta maziwa ya walimu kila alasiri, mwenyeji wa upande wa Getanuwas, mwembamba, bangili za shaba mpaka kwenye viwiko, na mtoto wake alikuwa darasa la pili. Alikuwa mgomvi kuliko mimi, kwa hiyo tulielewana. Siku moja aliweka kibuyu chake chini, akawaangalia wale watoto kwenye ukingo wa uwanja.

"Nesi, hawa wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu."

"Mbona wameadhibiwa?"

"Hawajaadhibiwa. Hawawezi kukimbia, ni wazito."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe hawali majani. "Kukimbia ni ya mtu anayefukuzwa. Hawa waruke. Mtu mzito akiruka, ardhi inamsikia."

Hakungoja ruhusa. Akawaendea, akawainua kwa mikono, akawapanga mstari. Akaanza kupiga makofi na kuimba kwa lugha yake, akaruka. Ngoma yao ile ukiitazama ni rahisi: unasimama wima, mikono chini, unaruka juu moja kwa moja, unatua, unaruka tena, na wimbo haukuachii. Ijaribu mwenyewe kwa muda wa wimbo mmoja, halafu uje tuzungumze. Mimi niliijaribu nikatafuta mti wa kushika. Wale watoto waliruka vibaya, bila mpango, wakigongana, na bangili za yule mama zikilia, na kwa mara ya kwanza nikawasikia wanacheka wao wenyewe badala ya kuchekwa.

Hapo ndipo akili ilinijia. Kliniki yangu ya asubuhi ilikuwa inapima tu. Naandika kilo, nafunga daftari, nakwenda zangu, na mtoto anabaki na kilo zake. Na uwanja wa jioni ulikuwa na saa mbili kila siku, lakini ulikuwa wa wale wasiohitaji. Vitu viwili, ukuta mmoja kati yake, na hakuna aliyewaza kutoboa mlango. Nikamwomba mwalimu mkuu nihamishe kliniki iwe alasiri, na kabla ya kuruka kila mtoto apite kwangu. Nikatundika kanga mlangoni mwa stoo. Mtoto anaingia peke yake, napima, naandika, sitamki kilo hata kwa kunong'ona. Nililazimika kuuma ulimi wiki za mwanzo, kwani desturi ina mizizi. Nikimaliza uzito, napima presha, naangalia magoti, namuuliza amekula nini leo, amelala vipi, nani amemtania. Kisha anatoka kwenda kuruka.

Watoto sita wakaja. Wa saba, yule ambaye nilikuwa nimeanzisha yote kwa ajili yake, alibaki kwenye nguo, mama yake akiwa hajabadili neno. Lakini niliona vidole vya miguu yake vikipiga mapigo ya wimbo kwenye vumbi.

Nikajua kilichobaki ni changu. Na kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu, kuomba radhi jikoni kwa siri kungekuwa wizi. Nilingoja siku ya gulio, saa saba mchana, mgahawa wake umejaa madereva, wauza ng'ombe, na nusu ya wanawake ninaowajua mjini. Nikasimama mlangoni na gauni langu la kazi.

"Mama," nikasema, kwa sauti ile ile ya kliniki, "miaka kumi na moja iliyopita nilikuambia mbele ya watu kwamba unamlisha mtoto wako upepo. Ulikuwa mwaka wa njaa na wewe ulikuwa umetembea kutoka Nangwa. Nilikosea. Ulimlea mtoto akapona, na ni wewe uliyemponya, si mimi. Halafu juzi nimekukosea tena. Naomba unisamehe."

Kijiko kimoja kilianguka mahali fulani. Madereva waliacha kutafuna. Yule mama alinitazama kutoka nyuma ya sufuria zake kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ibada ya Pasaka. Kisha akachukua sahani, akapakua wali, maharage, mchicha na kipande cha nyama, akaiweka kwenye meza iliyokuwa wazi.

"Kaa ule," akasema. "Na umalize. Usije ukasema nakulisha upepo."

Mgahawa wote ukacheka, na safari hii kicheko kilinihusu mimi, na nilistahili. Nilimaliza sahani. Alipokaa mbele yangu aliongea taratibu. "Njaa naijua, nesi. Sitaki mwanangu anyimwe chakula. Hilo usiniombe."

"Sikuombi. Nakuomba umwache aruke. Na twende wote hospitali daktari ampime."

Akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Kwani ni kweli anaweza kufa?"

"Si leo wala kesho. Lakini ukimwacha hivi ataugua mapema, na utakuwa umemponya utotoni ili aje aumwe ujanani."

Tulikwenda. Daktari wa hospitali ya wilaya alimpima mara tatu kwa siku tatu, presha ikawa juu mara zote tatu. Akasema atatupa miezi sita. Isiposhuka, ataanza vidonge, na vidonge vile ukivianza ni vigumu kuviacha. Mama alimshika binti yake mkono kutoka pale mpaka barabarani, na alipoitwa na mwenye pikipiki alimkatalia, wakatembea. Miezi sita. Niliiandika ukutani kwa chaki, ndani ya stoo, nyuma ya majembe.

Siku ya kwanza binti aliruka mara nne akakaa. Mama wa maziwa hakumsema. Alimwekea mkono begani akaruka yeye peke yake, mpaka binti akasimama tena. Wiki ya tatu alikuwa anamaliza nusu ya wimbo. Mwezi wa pili wimbo mzima. Na huyo huyo asiyefungua mdomo darasani alikuwa na sauti, jamani. Sauti nzito, ya kifuani, iliyotoka ilipopata nafasi. Mama wa maziwa akamfundisha maneno ya Kibarbaig, binti wa kabila la Kimbulu akaimba, na wenzake wakawa wanaruka kwa kumfuata yeye.

Mama yake naye hakukaa pembeni. Alikuja siku moja kutazama, akaona watoto wakitoka kuruka wanakwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha soda na maandazi. Kesho yake alikuja na sufuria ya makande na ndoo ya mtindi, na akafanya hivyo kila siku ya kuruka, akaniambia, "Ulisema huniombi nimnyime mtoto chakula. Basi mimi ndiye nitakayewalisha." Na kile kibanda cha soda kilikuwa cha shemeji yake. Waligombana mpaka Krismasi.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kulalamika kwamba tunawafundisha watoto wa Kikristo ngoma za kipagani. Nilivuta pumzi kujibu, lakini mama alikuwa ameshamkabidhi bakuli la makande. "Mzee," akamwambia, "Daudi alipocheza mbele ya sanduku la agano alikuwa anacheza nini, mpira?" Mzee alikula, akaangalia, akaongezewa, akaenda zake. Wiki iliyofuata mjukuu wake alikuwa kwenye mstari. Mwalimu wa michezo ndiye aliyechukua muda mrefu zaidi. Aliwaona wale saba wanaruka jioni nzima wakati wakimbiaji wake wanashika viuno, siku moja akawaleta wakimbiaji kimya kimya, akasema ni mazoezi ya magoti tu. Hawakufika nusu ya wimbo. Nguo zao zililala kwenye nyasi bila mlinzi, na hakuna iliyoibwa.

Mwezi wa tano almanusura tuharibu kila kitu. Mama aliomba kuona daftari, nikampa bila kufikiri. Akafuata mstari wa binti yake kwa kidole. Ulikuwa umelala. Miezi mitano, kilo zile zile, mstari umenyooka tambarare. Uso ukambadilika.

"Umelala," akasema. "Nesi, umelala. Wewe ulitufundisha ukilala mtoto anaumwa."

Nikashukuru Mungu kwamba safari hii nilikuwa nimejifunza kukaa chini kabla ya kusema. Nikamwita binti, nikamsimamisha kwenye fito ya kupimia urefu, nikamwonyesha mama alama niliyochora miezi mitano nyuma na mahali kichwa kilipo sasa. Vidole viwili kati yake. "Kilo hazikuongezeka," nikamwambia, "ameongezeka yeye. Mwili uliokuwa umelundikana umeanza kwenda juu. Kwa mtoto mchanga mstari kulala ni msiba. Kwa huyu ndicho tulichokuwa tunaomba."

Akaweka vidole vyake viwili kwenye ile fito, akaviondoa, akaviweka tena. "Mnatuchanganya nyinyi watu wa mizani," akasema, lakini alikuwa ameshaelewa.

Ile siku ya daktari tulikwenda watatu. Tulikaa kwenye benchi la nje tangu saa sita, mama anasali bila sauti, mimi najifanya nasoma bango la malaria ambalo nalijua kwa moyo. Nilikuwa naogopa. Nimekaa na watu wengi wakisubiri majibu, lakini yale nilikuwa nayasubiri kwa hofu ya mtu aliyetenda kosa. Tulipoitwa, daktari akamfunga kipimo. Akasoma, akamwambia apumzike. Akampima tena. Akabadili mkono, akapima mara ya tatu. Kisha akavua miwani.

"Imeshuka," akasema. "Iko sawa. Huyu hahitaji vidonge."

Mama aliangua kilio pale pale, kilio cha kweli, mtandio mdomoni. Mimi ambaye nimezika jamaa zangu bila machozi nilikuwa siwezi kuona vizuri, nikamlaumu daktari kwa vumbi la ofisi yake. Daktari alicheka, akamgeukia binti. "Haya, tuambie siri. Umefanyaje?"

Nakiri, niliinua kichwa. Nilikuwa tayari kutajwa.

Binti alikuwa ameshasimama, anafunga kamba za viatu. "Nimeruka tu," akasema. Akaangalia saa ya ukutani. "Daktari, tumemaliza? Ni saa nane na nusu. Saa tisa wenzangu wananisubiri, nisipokuwepo hakuna wa kuanzisha wimbo."

Mtoto huyo hakuwa amewahi kusubiriwa na mtu yeyote isipokuwa mama yake.

"Nenda," daktari akamwambia.

Akaenda. Tulimsikia kwenye korido, hatua za haraka, kisha za haraka zaidi, kisha mhudumu akimfokea asikimbie hospitalini. Mama alitoka nje, akakaa kwenye benchi, nami nikakaa. Alikuwa ameshika sweta la binti mapajani.

"Ameondoka hata hajaaga," akasema.

"Hajaaga."

Akanipiga bega, akaanza kucheka huku bado analia, na mimi nikamfuata, wanawake wazima wawili, mpaka watu wakageuka. Tukakaa pale bila haraka yoyote. Mwishowe yule mhudumu akaja akasimama mbele yetu, akatuambia kama hatuumwi basi tuwapishe wagonjwa.